Mboja Aliyeng'oa Kigingi

Paukwa.

Pakawa.

Nimekuja na moja.

Ilete.

Ina majonzi kidogo.

Ilete hivyo hivyo.

Nikisimama kuvuta pumzi?

Tutakungoja.

Haya, sogeeni. Wewe wa nyuma, acha kuchezea mkeka wa watu, utaufumua. Na nyinyi mabinti mliokunja sura pale pembeni, ya leo ni yenu, ingawa sitamtazama mtu.

Hapo kale, wakati kunguru bado anajibu akiulizwa na kaa bado hajaanza kuwakimbia watu, palikuwa na kijiji kando ya ghuba. Ghuba yenyewe ya tope. Maji yakijaa unaona bahari. Maji yakitoka unaona tope mpaka ng'ambo, na mtu mwenye miguu mizima anavuka, anafika kabla maji hayajarudi.

Wanawake wa kijiji hicho walikuwa wasokota kamba, mkubwa kwa mdogo. Kazi yao ilianza na makumbi, yale maganda ya nazi yenye nyuzi. Unachimba shimo kwenye tope. Unafukia makumbi. Unapanga mawe juu, unachomeka kigingi chako, kisha unangoja. Mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, mwezi wa tatu, mpaka wa sita, bahari inaingia na kutoka juu yake. Siku ukifukua, kumbi limelainika. Unaliponda kwa gongo, nyuzi zinaachana, unazianika, unazisokota. Harufu yake sitawaficha, ilikuwa mbaya. Lakini kijiji kizima kilinuka hivyo hivyo, basi nani angemcheka mwenzake?

Kila mwanamke alikuwa na kigingi chake. Huyu amekifunga kitambaa chekundu, yule amekichonga kichwa. Mtu hakigusi kigingi cha mwenzake. Kikiondoka kigingi, tope lote ni moja, na hata mwenye shimo halioni tena.

Na walikuwa na desturi yao. Bibi arusi alikwenda kwa mumewe na kitanda, na kamba ya kitanda hicho haikununuliwa wala haikuazimwa. Aliisokota ndugu yake wa kike, kwa makumbi ya shimo lake mwenyewe. Walisema ukilalia kamba ya mkono wa ndugu yako, huko uendako hutalala kama mgeni.

Tuko pamoja?

Tuko.

Katika kijiji hicho aliishi binti anaitwa Mboja, miaka kumi na minne, kumi na mitano. Mama yake alifariki yeye bado anatambaa. Baba yake, Pandu, alilima muhogo, mtu mwema, maneno kwake yalikuwa adimu. Aliyemlea Mboja alikuwa dada yake, Kazija. Kazija alimbeba ubavuni. Kazija alimsuka nywele. Kazija alimwonjesha mchuzi kwa kidole aone kama chumvi imekolea.

Sasa, Mboja alikuwa na hasira. Sisemi kununa, nyote mnanuna. Nasema hasira. Masikio yalianza kuwaka, kifua kikambana, mikono ikatafuta kitu. Siku moja ilipata mtungi, ukavunjika. Siku nyingine ilipata kanga ya dada, ikachanika. Siku nyingine ilipata mbuzi ya kukunia nazi, ikatupwa uani ikamkosa jogoo kwa unywele. Na kila mara Kazija aliokota vipande, akanyamaza. Na kila mara Mboja alikwenda nyuma ya nyumba akalia mpaka kwikwi, mahali ambapo hakuna anayemwona. Mlidhani alikuwa anafurahi? Hakuna mwenye hasira anayefurahi, miye nakwambieni.

Ikaja posa. Kijana wa ng'ambo ya ghuba, jina lake Vuai. Watu wakafurahi, Pandu akafurahi, Kazija akawa anaimba jikoni. Mboja akasema, "Hongera, dada." Akafukia makumbi ya kitanda, akachomeka kigingi. Lakini kila jioni akimwona dada yake anakunja kanga moja na kuiweka kwenye pakacha, alijiuliza moyoni. Nani atanisuka? Nani atanionjesha? Nani ataniita kwa lile jina langu la utotoni? Alikuwa na neno moja tu la kusema, "Usiniache," na hakulisema.

Siku moja, arusi imebakiza wiki mbili, Kazija akamkabidhi upawa wa nyumba. Akasema, "Mdogo wangu, sasa mwenye jiko ni wewe."

Masikio yakawaka.

Mboja akautupa upawa chini. "Nenda. Mimi sina dada."

Akatoka mbio mpaka kwenye tope, akakishika kigingi chake kwa mikono miwili, akaking'oa, akakirusha kwenye maji. Alijiambia: hakuna kigingi, hakuna shimo. Hakuna shimo, hakuna kamba. Hakuna kamba, hakuna kitanda, na bibi arusi haendi bila kitanda.

Hesabu nzuri, sivyo? Arusi haikumngoja. Wakaja wanawake wa upande wa bwana kuchukua kitanda, wakakuta miti minne na mbao zake, katikati tundu tupu. Wakacheka. Wakatunga wimbo palepale wa bibi arusi asiye na ndugu. Kazija akatoka na mkeka kwapani.

Mboja alikuwa amejificha jikoni, nyuma ya kuni. Akamsikia dada yake anauliza, "Mboja yuko wapi?" Kimya. "Mboja yuko wapi?" Kimya. Mara ya tatu sauti ilikuwa ndogo, "Mboja yuko wapi?" Naye hakutoka.

Ngoja nivute pumzi.

Tunakungoja.

Basi nyumba ikawa kubwa. Mboja alipika, chumvi ikawa nyingi, hakuna wa kumwambia. Nywele zikafumuka. Kila maji yalipotoka alikwenda ufukweni, akaitazama ng'ambo, akaona moshi wa mapishi ya watu, akawaza moshi upi ni wa dada. Akawa anaimba, nanyi mnijibu "dada":

Maji yametoka, dada,
njia iko wazi, dada,
mguu wangu mzito, dada,
nitafikaje?

Na kwa kuwa alimkosa dada, hasira zikazidi. Kila kitu kilimkera. Jua, kuku, watu wakicheka kisimani. Akaona hawezi kuishi hivi, akaenda kwa Kunguru.

"Kunguru, nina hasira, na ninamkosa dada yangu. Nifanye nini?"

Kunguru alisikia nusu ya kwanza tu. Wako wasaidizi wa namna hiyo. "Hasira? Itoe. Piga kelele, mtukane anayepita, utapoa."

Mboja akapiga kelele. Siku ya kwanza akawatukana wachota maji. Siku ya pili akamtukana jirani. Siku ya tatu akamtukana baba yake, naye Pandu akabeba sahani yake akaenda kulia chakula kwa nduguye. Sauti ilimkauka Mboja, hasira haikupoa. Ilinenepa kama kuku anayetupiwa mtama.

Akaenda ufukweni.

Maji yametoka, dada,
njia iko wazi, dada,
sauti imekauka, dada,
nitakuitaje?

Akaenda kwa Kaa.

"Kaa, nina hasira, na ninamkosa dada yangu. Nifanye nini?"

Kaa akachungulia mlangoni kwake. "Fanya kama mimi. Ingia ndani, funga. Usimwambie mtu."

Mboja akaingia ndani, akafunga. Ukimsalimu anaitikia kwa kichwa. Siku saba, siku kumi na nne, siku ishirini na moja. Watu wakasifu, "Mboja ametulia, amekuwa mtu mzima." Baba yake akarudi kula nyumbani.

Siku hiyo uji ulikuwa jikoni unachemka. Pandu akaonja, akasema kwa upole tu, wala hakuwa na ubaya, "Dada yako angeutia sukari."

Mboja hakujua mkono umefika saa ngapi kwenye chungu. Chungu kikapasuka, uji ukamwagika kwenye mguu wa baba yake.

Pandu hakupiga kelele. Alikaa chini, akautazama mguu, ngozi inaanza kuvimba. Kisha akamtazama mwanawe. Akasema, "Mwanangu, mimi sasa nakuogopa."

Kati ya maneno yote aliyopata kuambiwa, hilo ndilo lililomwingia. Alimwosha baba yake mguu kwa maji baridi, akajua kwamba peke yake hawezi.

Na wiki hiyo hiyo habari zikavuka ghuba. Vuai amepata kazi ya karafuu kisiwa cha mbali. Mwezi ukiandama, yeye na mkewe wanahama.

Mnaona sasa? Mwezi uliopo ukifa, dada hayupo ng'ambo tena. Hapatakuwa na moshi wa kutazama.

Mwisho wa kijiji alikaa mwanamke anaitwa Bi Mcha. Alikuwa na mbuzi watatu, kidole kimoja nusu, na sifa ya ukali ambayo watu waliizunguka kwa njia ya mbali. Mboja akawaza, kama kuna mtu anayezijua hasira, ni huyu.

Siku ya kwanza alifika kwenye ua, akarudi. Siku ya pili alifika mlangoni, akaomba kaa la moto, akapewa, akarudi. Siku ya tatu akapiga hodi.

Bi Mcha alikuwa anaponda makumbi. "Moto umezimika tena?"

"Haujazimika."

"Basi wataka nini?"

Midomo ya Mboja ilikuwa mizito. Mtu anaweza kusema matusi mia kwa pumzi moja, na neno dogo likamgomea. Mwishowe likatoka. "Nisaidie. Nina hasira zinanishinda. Nimemuunguza baba."

Bi Mcha akaweka gongo chini. "Ngoja ninawe mikono," akasema.

Akanawa, akamkalisha, akampa maji. Akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkata. Kisha akasema, "Dawa sina. Mimi mwenyewe ninazo mpaka leo, tazama kidole. Hiki nilikiponda kwa gongo langu nikiwa nimemkasirikia mtu ambaye hata hakuwepo. Lakini hutakuwa peke yako nazo. Kesho maji yakitoka, njoo na jembe. Tukalitafute shimo lako."

"Hakuna kigingi."

"Najua. Nilikuona unaking'oa."

Wakaenda. Siku ya kwanza wakachimba wakakuta tope. Bi Mcha akauliza, "Zikianza, zinaanzia wapi mwilini?"

"Masikioni."

"Zangu magotini. Basi usingoje zifike mikononi. Zikiwa bado masikioni, ziseme."

Siku ya pili wakachimba wakakuta mawe ya watu wengine, wakayarudisha. Bi Mcha akasema, "Mimi zikinipanda, naweka chini nilichoshika. Kiwe gongo, kiwe chungu. Namwambia mtu, nina hasira, naondoka, nitarudi. Ukisahau kusema utarudi, unamwacha mwenzio na shaka."

Siku hiyo tope lilimshika Mboja mguu, akaanguka, masikio yakawaka. Akaweka jembe chini. Akatembea mpaka maji yalipo, akanawa uso, akarudi. Mara ya kwanza alichukua muda mrefu. Mara ya pili muda mfupi kidogo. Mara ya tatu akasahau, akalivunja jembe mpini, na Bi Mcha hakumfukuza. Alisema tu, "Utalitia mpini mwingine wewe." Alilitia.

Siku nyingi zikapita hivyo, mwezi unapungua. Siku moja, wote wawili wameinama, Bi Mcha akauliza bila kuinua kichwa, "Siku ile ya kigingi, ulikuwa unataka nini?"

Mboja akachimba. Akachimba tena. "Nilitaka asiende."

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia." Akaketi kwenye tope akalia, na safari hii alilia mbele ya mtu. "Ninamtaka dada yangu, Bi Mcha. Nikiamka ninamtaka, nikipika ninamtaka. Nikikasirika, ninamtaka yeye."

Bi Mcha akaketi pembeni yake, kanga zote tope. Maji yalipogusa miguu, wakanyanyuka.

Kesho yake ilikuwa siku ya tano kabla ya mwezi kuandama. Mboja alichimba kama kichaa. "Tusipolipata leo, ataondoka bila kamba. Nitakwenda na nini?"

Bi Mcha akajifuta jasho. "Hutalipata, mwanangu. Shimo lako nililifukua mimi, siku ile ile uliyong'oa kigingi. Nilipakariri mahali pake, maji yalipotoka nikalifukua. Nimeyaponda makumbi yako, nimeyasokota, nimefungia mbuzi."

Ngojeni. Nyinyi mngefanya nini?

Tungempiga.

Nilijua. Na Mboja jembe alikuwa nalo mkononi. Siku zote hizo kuchimba, mgongo unamuuma, kumbe kamba yake imo shingoni mwa mbuzi. Masikio yakawaka, kifua kikabana.

Akaliweka jembe chini, polepole, kama mtu anayelaza mtoto. Akasema, "Bi Mcha, nina hasira na wewe sana. Naondoka. Nitarudi."

Akatembea mpaka maji yalipo. Akanawa uso mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Akarudi.

"Kwa nini umenifanyia hivi?"

"Makumbi niliyachukua nikidhani umeyatupa, na sikukwambia kwa kuwa ungekuwa na kamba, ungeiacha mlangoni kwake ukakimbia," akasema Bi Mcha. "Nakujua, kwa sababu ndivyo nilivyofanya miye. Nilikuwa na binti. Nilimpiga kwa hasira, akaenda zake. Nikampelekea kanga. Nikampelekea mchele. Nikampelekea kuku wawili. Mwenyewe sikwenda, niliona aibu. Yu hai, ana watoto, sijui hata mmoja sura yake." Akalitazama tope. "Isitoshe kamba yenyewe mbovu. Makumbi yalikuwa hayajaiva sawasawa. Mbuzi wameikata mara mbili."

Mboja akacheka na machozi yanamtoka. Akavuka hapo hapo, mikono mitupu.

Maji yametoka, dada,
njia iko wazi, dada,
sina cha kukuletea, dada,
naja mwenyewe.

Kazija alifungua mlango, mwiko mkononi. Alipomwona mdogo wake, uso haukucheka.

"Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kukwambia kwamba..."

"Sitaki kuambiwa. Mimi niliita. Niliita mara tatu, mbele ya watu, na nilijua upo nyuma ya kuni, niliiona miguu yako. Nimeimbiwa hapa tangu siku hiyo, bibi arusi asiye na ndugu. Nimekulea kwa mikono hii, ukaniambia huna dada."

Alisema mengi. Alikuwa ameyaweka tangu mtungi wa kwanza kuvunjika, wala hakuwahi kumwonyesha mtu. Masikio ya Mboja yakawaka, akataka kujibu, akataka kukimbia. Mkononi hakuwa na kitu cha kuweka chini. Basi akajiweka chini mwenyewe, akaketi kizingitini.

"Nilitaka usiende," akasema. "Sikujua kulisema hilo, nikasema lile jingine. Naomba radhi, dada. Na baba nilimuunguza. Ninatafuta msaada, Bi Mcha ananisaidia, bado sijapona."

Kazija hakupoa kwa hilo. Msidhani neno moja linatosha. Akaendelea, na Mboja akakaa. Nyuma yake maji yakaanza kurudi kwenye ghuba, akayasikia, na angenyanyuka wakati ule angewahi kuvuka. Hakunyanyuka. Safari ya kisiwa cha mbali haikuvunjwa, siku zilikuwa zimebaki zile zile tano, na wote wawili walilijua hilo. Kazija akasema mpaka maneno yakamwishia, akabaki anahema. Ghuba ikajaa. Njia ya kurudi ikawa haipo mpaka kesho.

Kazija akamtazama aliyeketi pale chini, nywele zimefumuka, kanga tope mpaka magotini.

"Umekula?"

"Bado."

Nimeitoa.

Tumeipokea.

Mbuzi ni wa nani?

Wa Bi Mcha.

Na Mboja yuko wapi?

Yuko ndani, anasukwa.

Basi msiwagongee.